Kivuko Namba Kumi na Saba

Nilitumwa kuhesabu.
Nilipewa kiti cha kukunja, kalamu mbili, chupa ya kahawa
na karatasi ya vyumba vinne: mtu, baiskeli, mnyama, trekta.

Huku Friesland nchi imelala kama shuka iliyopigwa pasi.
Treni unaiona ingali ndogo kama kiberiti.
Ndiyo maana, wanasema wenyeji, hatuhitaji kizuizi.
Ndiyo maana, linasema faili langu, wamekufa wawili.
Ukungu haukuulizwa na upande wowote.

Siku ya kwanza: watu tisa.
Siku ya pili, mvua: watu wanne,
na mbwa mmoja aliyevuka akabadili nia, akarudi.
Siku ya tatu nilianza kuwajua kwa nyayo.

Froukje Hoekema, miaka themanini na moja,
huvuka na ndoo saa kumi na mbili na robo
kwenda kwa kondoo wake kumi na mmoja.
Husimama. Hutega sikio la kulia,
la kushoto lilikwisha kustaafu.
Kisha huweka kiatu chake cha mti juu ya chuma,
aiulize reli.
Ikitetemeka, hungoja. Isipotetemeka, hupita.
"Mguu huu," aliniambia, "hauhitaji umeme."

Kupitia darajani ni kilomita tano na ushei.
Faili linauita *usumbufu mdogo*.
Niliutembea huo usumbufu mdogo nikiwa na ndoo,
tena tupu.
Upepo ulinipora kofia, ukaitupa mferejini.
Dakika sabini na tatu.
Sikuandika popote; hapakuwa na chumba chake.

Mkutano ulifanyika ukumbi wa kanisa.
Wobbe alilalamikia dizeli.
Mwalimu Tjitske aliuliza watoto watafikaje shule kabla ya kengele.
Mtu wa kampuni alionyesha picha ya uzio,
kijani kibichi, ati ufanane na majani.
Ndipo akainuka kijana mmoja nyuma, Durk, hana hata koti la kuvua:

"Breki yangu inataka mita mia nane.
Mtu anataka hatua sita.
Kati ya hesabu hizo mbili mimi nina honi tu.
Alinitazama. Hakuogopa.
Alikuwa kama mtu aliyekatizwa mazungumzo."

Vijiko viliacha kugonga vikombe.
Froukje akageuza sikio lake zima.
"Uliipiga hiyo honi?"
"Niliipiga."
"Basi," akasema, akamsogezea sahani ya biskuti.

Usiku, hotelini, nilisoma faili upya, ukurasa niliourukaga:
Hoekema, Eelke, miaka hamsini na mbili. Ndoo mkononi.

Asubuhi nilimngoja kivukoni, nisijue nitaanzia wapi.
Akaanza yeye:
"Kondoo walikuwa wake.
Hawajui kama amekufa. Wanajua saa kumi na mbili na robo."

Nusu shari ni heri kuliko shari kamili.
Nimelisema hilo mara nyingi, vijiji vingi,
na kila mara kwa watu walioangukiwa na ile nusu.

Niliweka alama kwenye *Funga*.
Ningeiweka tena. Nimejiuliza, na ningeiweka tena.
Durk ana miaka ishirini na saba; reli hii ataiendesha mpaka azeeke.

Masika nilirudi kukagua uzio.
Haufanani na majani.
Wobbe ndiye anayelisha kondoo sasa, akikumbuka, kwa trekta,
na treni ilipita bila kupiga honi,
ule ukimya nilioununua kwa miguu ya mwingine.

Njia ya vumbi bado inaonekana katikati ya nyasi,
inakuja moja kwa moja mpaka kwenye waya, inaishia hapo.
Nikatazama saa. Nikatoa kalamu kwa mazoea.

Mtu: sifuri.
Baiskeli: sifuri.
Trekta: sifuri.
Mnyama: kumi na mmoja, wamesimama,
wote wametazama huku.